Maneno Yaliyokatwa Chini ya Picha za Simu

Mama Fremu alikuwa amekwisha kukata picha ya sita ndipo daktari wa masikio akapita kuulizia maneno.

"Maneno gani?" akauliza, kisu bado kiko mkononi.

"Yale ya chini, mama. Yanayoeleza nani anafanya nini. Wagonjwa wangu wengi hawasikii, wakikaa kungoja hawana la kufanya ila kusoma. Picha nilizipendea hayo."

"Yapo," akasema Mama Fremu. "Njoo Alhamisi."

Wala hakudanganya. Yalikuwepo, kwenye kapu la takataka chini ya meza.

Sasa mtu asimhukumu bure kabla hajajua kazi yake. Miaka thelathini na moja alikuwa akitia fremu harusi za watu, vyeti vyao na marehemu wao, katika chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Alianza na mumewe, na mume alipofariki akaendelea peke yake, na waliosema hatafika mwaka wakanyamaza wenyewe. Kila karatasi iliyoingia mle, jambo la kwanza ni kukata ukingo mweupe. Ukiuacha unashika unyevu, unaota madoa, kisha mteja anarudi na mdomo wake. Hakuna aliyewahi kulalamika. Cheti maneno yake yako katikati, na harusi haihitaji kuelezwa.

Hizi za daktari zilikuwa jamii nyingine. Picha sita za kupamba ukuta, zilizochapwa kutoka michoro ya kale ya kuchongwa kwenye bati, mistari myembamba kama nywele, zote za watu wa zamani wakijaribu simu kabla haijawa simu. Mzee mwenye ndevu anapiga kelele ndani ya faneli. Wanaume wawili, kila mmoja chumba chake, waya katikati. Mwingine kalaza sikio juu ya sanduku kama anayesikiliza kuku aliyeatamia. Mama Fremu aliona upuuzi mtupu. Watu wazima, tena na makoti yao mazuri.

Na maneno ya chini aliyaona vilevile. Aliona sisimizi wamejipanga, basi. Mama Fremu hakujua kusoma. Tarakimu za rula alizijua kuliko vidole vyake, lakini herufi hapana, na aliyelijua hilo alikuwa mumewe peke yake, naye kazikwa nalo. Mteja akimwonyesha maandishi, jibu lilikuwa moja: miwani nimeiacha nyumbani. Afadhali aonekane msahaulifu.

Akamwaga kapu sakafuni. Akachambua vumbi la mbao, vipande vya kamba, gundi iliyokauka. Vipande vyenye maneno vikawa vitano. Akahesabu upya. Vitano.

"Wifi," akaita. Wifi alikuwa dada wa marehemu, mwaka wa nane huu anaishi naye, anafagia duka na kununua vitu vya nyumbani. "Umetoa karatasi humu?"

"Moja tu. Nimeandika vitu vya dukani upande wa nyuma, nikamwachia mwenye duka. Si taka ile?"

"Ni kazi ya mteja."

"Siku hizi kazi ya mteja inakaa kwenye taka?"

Mama Fremu alivaa viatu akaenda kwa mwenye duka, akaikuta karatasi imechomwa kwenye msumari wa oda, ina alama ya dole gumba la mafuta ya kupikia. Mwenye duka akataka kwanza aambiwe kama sabuni ni ya mche au ya unga, maana mwandiko wa wifi ulikuwa haueleweki.

"Muulize aliyeandika," akasema, akaondoka nayo.

Aliporudi, wifi alikuwa ameegemea mlango. "Lete nikusomee, tuone kipi cha picha ipi. Dakika mbili tumemaliza. Au soma mwenyewe. Hiyo miwani puani inafanya nini, pambo?"

"Kazi yangu naijua. Fagia."

Ikamchukua siku mbili. Alijua mkono wake: ukikaribia mwisho wa rula hupinda kidogo kushoto, na haupindi mara mbili sawasawa. Akaweka kila kipande chini ya kila picha, akasogeza, akaondoa, akaweka kingine, mpaka kingo zikaumana. Picha ya faneli peke yake ilikula mchana mzima. Ile karatasi ya mafuta akainyunyizia poda, akailazia kitabu kizito, akapangusa, akarudia. Kisha akaunga zote kwa nyuma. Alikuwa na hasira na daktari, na wifi, na wale wazee wa sanduku ambao wangenyamaza tu wasimtese mtu.

Alhamisi daktari akaja. Mama Fremu akazipanga mezani na kusema kabla hajaulizwa, "Maneno niliyakata, nimeyaunga. Nakwambia mimi, usije ukaambiwa na mtu."

Daktari akainama, akarudi nyuma, akainama tena. "Kuunga umeunga vizuri. Lakini yamerudi mahali pake? Mgonjwa asije akasoma habari ya waya anatazama faneli. Mimi miwani nimeiacha kliniki. Hebu nisomee, mama."

Mama Fremu akafungua mdomo. Neno lake la miaka yote mwenzake kalichukua, na miwani yake iko usoni. Angeweza kumfukuza. Lakini angeondoka na picha zake akaseme kote kwamba pale zinaharibiwa.

"Sijui kusoma," akasema. "Nimeunga kwa kufuata kisu changu. Wifi, njoo usome."

Ufagio ukatulia. Wifi akaja, akasoma moja baada ya moja, taratibu, bila mzaha hata mmoja, na daktari akifuata kwa kidole picha kwa picha. Faneli ilikuwa faneli, waya ulikuwa waya. Zote sita.

"Sawa kabisa," akasema daktari, akazibeba.

Wifi akabaki amesimama. "Miaka minane nakuachia vikaratasi mezani. Nimekwenda sokoni, nimekwenda kwa fulani. Hujibu. Nilidhani unanidharau."

"Nilikuwa nakudharau pia," akasema Mama Fremu.

Akavuta cheti cha mtu kilichokuwa kikingoja zamu, akaweka rula ukingoni, kisu juu. Hapo akasimama. Chini kabisa palikuwa na mstari mdogo wa maandishi. Akakisukuma cheti upande wa pili wa meza.

"Hapa pameandikwa nini? Na usinitazame hivyo. Soma."