Iribagiza Atafuta Kruza

Tarehe 9 Juni 2022, Iribagiza, daktari wa mifugo katika sekta ya Kanama, vilimani juu ya Gisenyi, mji ulio kando ya ziwa, alipata leseni ya pikipiki baada ya kufeli mtihani mara mbili. Alama za barabarani alizijua vizuri kuliko wengi waliofaulu kabla yake. Kilichomwangusha mara zote mbili ni kiti. Pikipiki ya mtihani ilikuwa ya juu, naye, hata akiwa na viatu vyake vya kazi, hafiki mita moja na nusu.

Pikipiki yake ya kwanza aliinunua kwa mwenzake wa kazi aliyehamia Musanze. Ilikuwa ya njia za mawe: magurudumu makubwa, tumbo juu, kiti juu zaidi. Akaizoea kwa ujanja. Kabla ya kusimama alitafuta kwa macho jiwe, ukingo wa mfereji au ngazi ya duka la mtu, akatua mguu hapo. Ng'ombe wa Kanama hawakujali daktari wao amefikaje. Aliyejali ni mama yake.

Mama Epiphanie anaishi naye Nengo, mtaa wa kilimani mjini Gisenyi, na kila Jumapili hupanda Kanama kusali na dada yake mkubwa. Tangu siku ya leseni, Iribagiza alikuwa na hamu moja: kumpeleka yeye mwenyewe. Walikuwa Karagwe, Tanzania, alipozaliwa, na miaka yote ya utoto wake mama ndiye aliyembeba, mgongoni kwanza, halafu kwenye kila kitu kingine. Sasa yeye ana kazi, ana leseni, ana mgongo wa kuegemewa. Haikuwa hamu kubwa, lakini ilikuwa yake.

Hamu hiyo iliishia mferejini Jumamosi moja ya umuganda, mama akiwa amepanda nyuma yake. Kazi ya jamii ilikuwa imekwisha na mkutano umefungwa, watu wanarudi majembe mabegani, barabara imejaa. Lori la viazi likasimama mbele yao kwenye kilima, Iribagiza naye akasimama pembeni. Akataka kutua miguu yote miwili ili mama asiwe na wasiwasi. Mguu wa kulia ukateremka kutafuta ardhi upande wa mfereji, na ardhi haikuwepo. Pikipiki ikalala polepole, mtu yeyote angeweza kuhesabu inavyolala, na mama na binti wakaenda nayo hadi kwenye majani.

Hakuna aliyeumia. Mama Epiphanie aliinuka mbele ya nusu ya kijiji, akafunga upya kitenge chake, akasema kwa sauti iliyofika mbali:

"Mwanangu, barabarani mimi na wewe tumemalizana. Nitapanda tena siku nitakayoona nyayo zako zote mbili ziko chini."

Kuanzia Jumapili iliyofuata, mama akapanda teksi-moto, yaani pikipiki ya abiria, ya Sano, kijana wa mtaani aliyekulia Goma, mrefu kama nguzo ya umeme. Iribagiza akafuata nyuma na pikipiki yake, mkoba wa mama umefungwa pale mama alipopaswa kukaa. Msafara huo ulijulikana barabara nzima.

"Ee Veterineri!" Sano alimpigia kelele kila kwenye kona. "Uko unasindikiza arusi ama maziko?"

"Angalia mbele, Sano. Umembeba mama yangu."

"Niko naangalia! We tafuta moto ya kimo yako!"

Na ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kutafuta. Alikuwa ameona mjini pikipiki za aina ya kruza: ndefu kwa urefu wa kulala, kiti kimezama katikati kama mgongo wa punda, usukani umejikunja kumfuata dereva. Kwa macho tu zilionekana kutengenezwa kwa ajili yake. Jumamosi moja akaenda kuzijaribu kwa Karekezi, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Uganda na ambaye huziuza kwenye ua karibu na ziwa. Alimchukua Sano, na mama akajialika mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, na Iribagiza aliipenda kabla hajaigusa. Akakaa. Nyayo mbili chini, hata visigino.

"Bon, imeisha," Sano akasema. "Tulipe twende."

"Imeisha nini?" Iribagiza akanyanyua miguu kutafuta mahali pa kuikanyaga. Pedali za kruza ile zilikuwa mbele kabisa, karibu na gurudumu. Ili kufikia breki ya nyuma ilimbidi ateleze kwenye kiti hadi kiuno kikaacha mahali pake, na mikono ikanyooka kwenye usukani kama mtu anayesukuma toroli.

"Utazoea, madam," Karekezi akasema.

"Nizoee kutofikia breki?"

Karekezi alicheka, akaileta ya pili. Kiti chake, kwa kipimo, kilikuwa chini kuliko cha kwanza, lakini kilikuwa kipana mno. Kilimtanua mapaja, na miguu iliyotanuka haina urefu. Akabaki anagusa kwa ncha za vidole.

"Uko kama ule mwenye kukaa juu ya ngoma," Sano akasema.

"Nyamaza wewe, twiga."

Ya tatu ilikuwa imetumika, ya rangi ya divai, na imechubuka kidogo kwenye tangi. Injini yake haikuwa kubwa. Kiti kilikuwa chembamba kwa mbele, pedali zilikuwa katikati, na uzito wake Iribagiza aliweza kuunyanyua kutoka upande bila kukunja uso. Nyayo zote mbili zikakaa chini. Akazunguka nayo barabara ya ufukweni, akarudi, akasimama mbele ya mama yake, akaziangalia nyayo zake mwenyewe kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Mama Epiphanie akainama, akaangalia. "Ziko chini," akakubali.

Hapo ndipo wangekosea. Gisenyi pikipiki zote hujaribiwa kando ya ziwa, kwa sababu ndiko zinakouzwa na ndiko lami ilikonyooka, na watu wanaoishi vilimani huzinunua huko tambarare. Iribagiza alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Akaufunga. Alikumbuka lori la viazi.

"Karekezi, niruhusu niipandishe Nengo."

Wakapanda wote, mama kwa teksi-moto ya Sano. Katikati ya kilima Iribagiza akasimamisha kruza pembeni mwa barabara, makusudi. Akatua mguu wa kushoto, upande wa juu wa barabara, ambako ardhi iko karibu. Mguu wa kulia akauacha kwenye breki ya nyuma. Pikipiki ikatulia kama iliyopigwa msumari.

"Mguu mmoja," mama akasema. "Tulikubaliana miwili."

"Mama, nikiweka miwili hapa, hakuna wa kukanyaga breki. Itarudi nyuma. Ile siku nilitaka kuweka miwili."

"Ukaniangusha."

"Ndiyo, kwa sababu nilitaka miwili, na wa kulia ukakosa ardhi."

Sano alitaka kusema kitu. Mama akamnyamazisha kwa kidole. Iribagiza alifikiri kidogo, akajaribu njia nyingine.

"Uliponibeba mgongoni kule Karagwe, ukasimama kilimani upumzike, ulisimama kwa miguu yote miwili?"

Mama Epiphanie alisogea pembeni mwa barabara, akageukia kilima, akarudisha mikono nyuma ya kiuno kana kwamba kuna mtoto pale, na akasimama. Mguu wa upande wa juu ulikunjwa kidogo na kubeba uzito wote. Mwingine ulikuwa umetulia tu, tayari. Akauangalia ule wa juu kwa muda, kama mtu anayeangalia mguu wa jirani.

"Mmoja," akasema. "Wa juu."

"Ee maman," Sano akanong'ona, "mi nitakula nini sasa?"

"Utakula kwa wenye haraka." Mama alikuwa ameshavaa kofia ngumu aliyopewa na Sano, na hakuivua. Akashika bega la binti yake, akapanda nyuma. Kruza ikazama kidogo kwa uzito wake, na kisigino cha kushoto cha Iribagiza, ambacho kilikuwa kimeinuka kidogo kwenye mteremko, kikakaa chini chote.

"Ondoka," mama akasema. "Na usiendeshe kama Sano."

Iribagiza alinunua kruza ya rangi ya divai siku hiyohiyo. Ile ya zamani, yenye kiti cha juu, itabaki kwa kazi, kwa njia za mawe zinazokwenda mazizini, kwa kuwa tumbo la kruza liko karibu mno na ardhi kwa njia hizo. Jumapili atampakia mama yake saa moja na nusu asubuhi, na watapita barabara kuu ya lami mpaka Kanama.