Bibi Aliyeipuliza Chai ya Barafu

Jumamosi, sokoni Mkuyuni, jua likituchoma utosini, nilimkuta mama lishe akimimina chai ya barafu. Aliichemsha na mdalasini, akaiacha ipoe, kisha akaikamulia pasheni na nanasi. Glasi ya kwanza alimpa bibi aliyeshuka kutoka milima ya Matombo kumuuzia matunda hayo.

"Shikamoo bibi. Hebu onja."

"Marahaba. Mwanangu, nimekukosea nini hadi unipe chai iliyopoa?"

Hata hivyo aliipokea kwa mikono miwili, akaipuliza kama chai ya moto, akanywa. Akaitazama glasi, akaitazama milima.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nashuka na utamu huu kichwani!"

Hakuna aliyemcheka kwa kuipuliza. Glasi yangu ilipofika, nami niliipuliza kwanza, kwa heshima.