Josho la Kuku wa Nyanya

Wiki iliyopita nilikuwa Kaplong, katika duka la dawa za mifugo, nikinunua dawa ya minyoo ya kuku wachache ninaowafuga nyuma ya nyumba. Kijana wa duka alinieleza kwa upole: waondolee maji jioni ili asubuhi wanywe dawa kwa kiu, na baada ya wiki mbili urudie. Nikamwambia hayo nayajua. Hakuniamini, akaanza upya. Alipokuwa akinieleza mara ya pili, mwenzake alifungua chupa ya dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, ammiminie mteja kidogo kwenye kichupa, na harufu yake ikanifikia pale kaunta. Rafiki yangu, zipo harufu zinazomrudisha mtu asikotaka. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, mwanamke mzima mwenye watoto wake, nikalia kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa mtoto wa kupewa nyanya. Huenda kwenu desturi hii haipo, basi nikueleze. Kwetu Wakipsigis, mama mzee akibaki peke yake, mwanawe humpa mjukuu mmoja wa kukaa naye, amtekee maji, amletee kuni, amsikie akikohoa. Watu husema mtoto huyo ana bahati kwa sababu hupakuliwa kwanza. Baba na mama walikuwa wakichuma chai katika shamba kubwa la kampuni upande wa Kericho, wakikaa na wadogo zangu katika chumba kimoja kwenye laini za nyumba za wafanyakazi. Mimi nikaletwa kwa nyanya, mwendo mfupi kutoka soko la Merigi, nikiwa na sweta moja na maneno kwamba ni kwa muda tu. Muda wenyewe ulikuwa umeingia mwaka wa pili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa siku ya kwanza, pamoja na mtungi na kamba ya kuni, wala silalamiki juu ya kazi. Nililalamika juu ya ukimya. Nyanya hakuwa mkali, ila alizoea kukaa bila kusema. Asubuhi tulichuma chai yake katika ukungu, kila mtu na mstari wake, nikasikia tu majani yakikatika. Alasiri mvua ilikuja bila kukosa, ikapiga mabati mpaka ungesema kitu usisikike hata kama ungekuwa na cha kusema. Jioni tulikula ugali na mboga ya sagaa, au mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, moshi ukituchoma macho, naye akitazama moto. Nilikuwa mpweke. Nilimkumbuka mama mpaka tumbo likaniuma, na nikajifunza kusema ni tumbo tu.

Kila nilipouliza nitarudi Kericho lini, nyanya alinijibu maneno yale yale, kwamba bado ananihitaji. Basi nikamwekea kinyongo. Kichwani mwangu yeye ndiye aliyekuwa amenishika.

Waliomfungua ulimi nyanya ni kuku. Alikuwa na majike tisa na jogoo mmoja, na alipowatupia mahindi asubuhi aliongea nao habari ndefu, za mvua, za jirani, za goti lake. Mmoja tulimwita Mwalimu kwa sababu alitembea kama mwalimu wetu wa darasa la tatu, akisimama na kugeuza shingo kana kwamba ameona mtu anayenakili. Nikawa nasikiliza nikiwa mlangoni, na hapo ndipo nilipopata hesabu yangu ya kitoto: kuku wakiwa wengi na wazima, nyanya atakuwa na wa kuzungumza nao, hatahitaji mtoto. Mama angekuja Desemba. Nilitaka afike akute boma limejaa vifaranga, aseme, haya, huyu sasa aweza kwenda.

Lakini mwaka huo kuku waliugua. Upanga wa kichwani, uliokuwa mwekundu, ukapauka. Wakawa wanakula na hawanenepi, mavi yao majimaji, na siku moja katika kinyesi cha Mwalimu nikaona mnyoo mrefu mweupe ukijinyonganyonga. Viroboto weusi walikuwa wameganda kuzunguka macho yao mpaka wengine hawakuona vizuri punje chini. Mayai yakakatika. Nilimwambia baba mdogo, ndugu wa baba aliyekaa ng'ambo ya ua, akacheka. Kwake mnyama alikuwa ng'ombe. Kuku ilikuwa mali ya wanawake na watoto, ikifa imekufa.

Aliyenisaidia ni mama jirani. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha chai, nao walitoka upande wa ziwani, ambako kuku huchinjiwa mgeni wa heshima na kwa hiyo hutunzwa kama mtu. Yeye na nyanya waliongea Kiswahili cha kukwaruzana, kila mmoja akiazima maneno ya mwenzake, wakaelewana kuliko watu wengi waliozaliwa nyumba moja. Alimshika Mwalimu, akampapasa kidari, akanionyesha jinsi mfupa ulivyotokeza kama kisu. Alinifundisha kupaka viroboto mafuta ya kupikia kwa kidole, taratibu, nisiguse mboni, ili wakose pumzi na kudondoka. Miguu iliyoinuka magamba tuliipaka mafuta ya taa tuliyoyapunguza makali kwa mafuta ya kupikia. Tulifagia banda, tukachoma takataka zote, tukamwagia vijiti vya kulalia maji yanayochemka, tukamwaga majivu pembeni ili kuku waoge wenyewe. Kwa minyoo alisema kuna dawa ya unga Kaplong, mumewe angeileta siku yake ya mapumziko.

Nikamuuliza watapona kesho? Akacheka bila kunidharau.

"Wewe mtoto, kuku haitibiwi na haraka. Leo unaua mama ya minyoo, wiki mbili unaua watoto yake. Ukiruka hiyo ya pili, hujafanya kitu."

Nilihesabu wiki kwa vidole nikaona Desemba imenikaribia mno. Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nimeiandika daftarini kwa mwandiko mzuri nikawekewa alama ya vema. Kuiandika na kuisikia ni mambo mawili.

Jumamosi iliyofuata baba mdogo alichanganya dawa ya kupe kuogesha ng'ombe wake kwa bomba la kunyunyizia. Niliona kupe wakidondoka. Nikamwomba maji ya dawa yaliyobaki kwenye ndoo, nikamweleza ni ya kuku. Hakuwaza. Mtu wa ng'ombe hufikiri kila mwenye damu ni ng'ombe, tofauti ni ukubwa.

"Chukua," akasema. "Kama kupe inakufa, kiroboto ni nani?"

Wewe hukuwahi kuona ng'ombe wakipita josho la kijijini, labda. Huingizwa kwenye mfereji mwembamba, huruka ndani ya maji ya dawa, huzama mpaka kichwa, hutokea upande wa pili wakipiga chafya. Watoto tulikuwa tukiketi juu ya ukuta kutazama. Basi nami nikatengeneza josho. Nilitia dawa kwenye beseni nyuma ya jikoni, nyanya akiwa amepeleka chai kwenye kituo cha kupimia, nikawakamata kuku mmoja mmoja, nikawazamisha. Na kichwa pia. Nakumbuka nilivyoshika midomo yao ifungwe, nikijiona mtaalamu. Watatu walinishinda mbio, wakajificha chini ya ghala, nikawaacha na viroboto wao kama adhabu.

Mvua ikanyesha muda si mrefu. Nilidhani wanatetemeka kwa baridi. Halafu Mwalimu akaanza kuyumba, akapinda shingo, ute ukamtoka mdomoni, akaanguka ubavu. Mama jirani alikuja akikimbia baada ya kuninusa tu mikono nilipokwenda kumwita. Aliwaosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akawakausha kwa gunia karibu na moto, akininawisha na mimi pia mpaka viwiko. Kulipopambazuka saba walikuwa wamekufa, Mwalimu akiwamo. Mama jirani alituonya tusimpe hata mbwa nyama ile. Baba mdogo alichimba shimo la kwenda chini sana, na alipomaliza akamwambia nyanya, mama yake, kwamba kosa ni lake yeye mwenyewe, alipaswa kujua. Nyanya akamwambia arudi kwa ng'ombe wake.

Nyanya alinikuta nyuma ya banda. Nilingoja kiboko. Akaketi kwenye jiwe karibu nami, akauliza kwa nini sikungoja dawa ya Kaplong. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kutunga uongo.

"Nilitaka uwe na wa kuongea nao, Kogo, ndio uniache niende kwa mama."

Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu. Nyanya alinishika mkono, uliokuwa bado unanuka dawa, akaushikilia mapajani mwake muda mrefu. Mwishowe akasema mama akija ataongea naye.

Wale watatu walionishinda mbio walipata tiba ya kweli. Kiroboto mmoja mmoja kwa kidole cha mafuta, safari hii bila pupa. Dawa ya unga ilipofika tuliwanywesha asubuhi, minyoo ikatoka, tukafagia na kuchoma. Wiki mbili baadaye tukarudia. Nyanya sasa alikuja kukaa nami tulipokuwa tukiwashika, akinihadithia mambo ya ujana wake vipande vipande, kama mtu anayejifunza kazi mpya. Desemba ilipofika upanga wao ulikuwa mwekundu, na jike mmoja alikuwa akiatamia.

Mama alikuja na mkate, sukari na gauni lililokuwa refu kwangu. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu kwenye mfuko. Baada ya chai nyanya alinituma mtoni. Nilifika kwenye ua nikakumbuka nimesahau kamba ya mtungi, nikarudi, na nikiwa nyuma ya ukuta wa jikoni nikasikia nyanya akisema:

"Mchukue. Mtoto anaumia. Mimi nilikuwa peke yangu kabla hamjamleta, nitaweza tena."

Mama akasema hawezi. Chumba ni kile kile, watoto wanalala mpaka mlangoni, na mwingine yuko njiani. Alisema hata mwaka ule waliponileta huku hawakunileta kwa sababu ya upweke wa nyanya, na nyanya anajua. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. Ninayasema haya kwa sababu nami nimekuwa mama.

"Sasa nitamwambiaje?" akauliza.

"Usimwambie kitu," nyanya akasema. "Nitasema ni mimi nimekataa. Kama nilivyokuwa nikisema."

Nilikwenda mtoni bila kamba. Niliporudi mama alikuwa amejifunga leso tayari kwa safari, hakunitazama usoni. Nyanya alisimama katikati ya boma, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, kwamba amemkatalia mama yangu, kwamba yeye ni mzee na hawezi kukaa bila mtoto, na nikitaka kukasirika nikasirike. Nikakasirika. Nilinuna siku mbili nzima, nikakataa hata mursik, ili asijue kwamba nimesikia.

Nilikaa naye mpaka nikamaliza shule. Siku hizi nyumba ile haipo, chai imefika mpaka pale mlango ulipokuwa. Josho la kijiji lilifukiwa, kila mtu ana bomba lake. Mama jirani na mumewe walihama mwaka uliofuata, wakati wa ghasia za makabila, watu wengi wa kwao walipoondoka bila kuaga, na banda lao likaoza likiwa limefungwa. Nyanya alifariki nikiwa chuoni. Sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia. Kila nilipotaka niliona kama namnyang'anya kitu alichonipa kwa shida.

Watoto wangu huniuliza kwa nini sikulelewa na mama yangu. Nawajibu kwamba nyanya alinipenda mno, alikataa kabisa kuniachilia.