Shahidi wa Pili wa Kifo cha Hamimu

Mwantum hakuwa mwoga wa mizimu. Panya ndiyo, panya alimpandisha juu ya kiti, lakini mizimu aliisema kama alivyowasema mawifi zake. Natanguliza hili kwa sababu hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, wapo watu, hata leo, wanaodai kwamba yaliyompata yaliletwa na uoga wake. Waongo wakubwa. Nilikaa naye ua mmoja miaka kumi na saba, chumba changu kikitazamana na vyumba vyake viwili, na kama kuna mwoga katika habari hii anaitwa Asiya, na Asiya ni mimi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu avenyu ya tatu akageuka. Alfajiri alikaanga mandazi, akayapeleka bandarini kuwauzia makuli. Huko ndiko alikompata Hamimu, baharia wa meli ya mizigo iendayo Kigoma, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kuingia nyumbani kwake kama watu wengine. Akirudi safari hapigi hodi mlangoni. Anapita uchochoroni, anagonga dirisha la chumba cha kulala kwa pete yake, mara mbili, ananyamaza, kisha mara moja. Mwantum akitoka kumkemea, mwenzake anacheka mpaka anashika ukuta. Mungu hakuwajalia mtoto, basi wakawa wanagombana na kupatana wao wenyewe kama watoto.

Julai ya mwaka wa tisini na sita Hamimu alisafiri kama kawaida. Kabla hajarudi, nchi jirani zikatufungia mipaka, ndivyo vile vikwazo, na bandari ikanyamaza. Haikupita muda, vita vikalipuka ng'ambo ya pili, upande wa Uvira, na ziwani hakukuja tena barua wala salamu. Mwantum aliendelea kwenda bandarini na beseni lake, siku nyingine lina mandazi kumi tu, ili apate kuuliza. Jibu lilikuwa moja: hatujui.

Hapo ndipo ilipoanza mizimu, na haikuanza kwake. Lazima mtu aelewe jinsi tulivyokuwa. Mtaa wa Kamenge ulikuwa umehamwa, watu wake wametawanyika. Kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, ilitufungia ndani mapema kama kuku. Majirani waliokula sahani moja miaka ishirini sasa walipima kila neno kabla ya kulitoa, maana hukujua nani analibeba kwenda wapi. Kilichobaki salama kuongea ni mizimu. Mzimu hauulizwi kabila. Salvator, karani wa serikali wa ua wa pili, Mkristo mwenye tai, alituambia kupitia ukuta kwamba redio yake imeimba na betri ziko mezani. Dada yake Dévote, aliyekaa Mutanga Sud, alisikia mtu akiosha vyombo jikoni kwake siku tatu mfululizo, na vyombo vikabaki vichafu. Tukacheka, tukasema angalau amalize kazi. Nilidhani ni njaa, nikadhani ni vichwa vilivyochoka kufungiwa. Kisha nikasikia kwa masikio yangu, nikaacha kudhani.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Dirisha la Mwantum likagongwa mara mbili. Kimya. Mara moja. Mwantum alitupa mwiko, akatoka mbio kuzunguka ua, nami nyuma yake. Uchochoro ulikuwa mtupu, hata mbuzi hayupo.

Kesho yake tena. Juma lililofuata mara nne. Siku moja nilisimama uchochoroni mwenyewe nilinde, na dirisha halikugongwa. Nilipoingia tu, likagongwa. Mwantum hakutetemeka. Alikaza khanga kiunoni, akalipigia dirisha kelele:

"Kama ni we Hamimu, ingia kwa mulango kama mutu! Na kama si we, enda kusumbua watu ya nyumba za ghorofa!"

Mwezi wa kumi na moja akaja Ilias, kuli wa bandarini aliyemfahamu Hamimu. Alikaa kwenye ngazi, akaivua kofia, na alipoivua tu tulijua. Alisema mtumbwi wa injini umezama upande wa Fizi, kusini ya Uvira, na mtu aliyeokoka alitaja majina ya waliokufa, miongoni mwao Hamimu mmoja wa Bujumbura.

"Hamimu gani?" Mwantum akauliza. "Ba Hamimu ni wengi."

"Sijui, mama. Alisema tu Hamimu, mutu ya Buja."

Mwalimu Massoudi wa msikiti wetu aliitwa. Alikuna ndevu zake, akasema sheria inataka mashahidi wawili, na Ilias ni mmoja, tena amesikia kwa aliyesikia. Mume aliyepotea anangojewa miaka, si miezi. Hapo mtaa mzima ukaja juu. Shahidi wa pili si yupo? Anagonga kila jioni! Maiti mwenyewe anakuja kusema kwamba amekufa, anaomba asomewe, na nyinyi mnataka shahidi gani tena? Nami nilikuwa kati ya waliosema hivyo, na sauti yangu haikuwa ya mwisho. Mwalimu alikataa siku tatu. Siku ya nne nyumbani kwake kitu kikatembea juu ya dari, akaja amechoka, akasema: sipitishi, na sizuii.

Nilimwuliza Mwantum anataka nini. Alikuwa anapepeta unga.

"Mi nimechoka kukaa katikati," akanijibu. "Kama niko muke, niwe muke. Kama niko mujane, niwe mujane. Hii ya kutojua inanikula, Asiya."

Basi ikasomwa hitima kwa jina la Hamimu, na Mwantum akavaa nguo nyeupe, akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani, hana manukato, hana wanja, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mji mzima ulikuwa umefungiwa, naye akafungiwa ndani ya kufungiwa. Mimi nilimpikia, nikamletea maji, nikalala kwake siku za milio mingi ya risasi. Ramadhani ikapita, Idi ikapita naye katika nguo nyeupe.

Lakini kugonga hakukwisha! Hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Tulikuwa tumemsomea, tumempa haki yake, sasa anataka nini? Mwalimu Massoudi akatoa agizo: msiitike, msifungue, someni Ayatul Kursiy. Tukawa tunasoma kila likigongwa, mimi kwa sauti, Mwantum kwa midomo, macho yake yako dirishani.

Zilikuwa zimebaki siku tisa eda iishe. Jioni ile tulikuwa tunachagua maharage, upande wa mto Ntahangwa kukisikika milio, na milio haikuwa habari. Dirisha likagongwa. Mara mbili, kimya, mara moja. Nikaanza kusoma. Ndipo nje mtu akasema, kwa sauti ya kukwaruza:

"Mwantum. Fungua. Niko na haraka."

Kitu kile hakikuwa kimesema hata neno tangu kianze. Maharage yalimwagika. Mwantum alikuwa ameshasimama, mkono umeshika komeo la dirisha, nami nikamrukia, nikamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Apana fungua, dada! Ni ile kitu! Umebakisha siku tisa!"

"Niache. Ni yeye."

"Kama ni yeye aje asubui, na watu bamuone!"

Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Angetaka angenitupa mpaka ukutani. Hakunitupa. Alisimama na komeo mkononi, akipumua, na mimi nimening'inia kiunoni kwake, na hatukujua tunachokifanya. Nje nyayo zikasogea, zikaharakisha, zikaisha. Baadaye kidogo milio ikasikika tena karibu na mto. Kuvrefe ikaingia.

Asubuhi nilipozunguka uchochoroni nilikuta juu ya kizingiti cha dirisha kifurushi cha kitambaa, kimefungwa fundo. Ndani mlikuwa na chumvi ya Uvinza, ile nyeupe ya mawe, inayotoka upande wa Kigoma. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mzimu gani una haraka? Mzimu gani unaleta chumvi? Lakini chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiingizwa kwa magendo, na majirani walikuwa wanamletea mwenye eda vitu bila kujitaja. Nilizunguka avenyu zote nikiuliza. Hakuna aliyeleta, au hakuna aliyekubali. Salvator alisema alichungulia, akaona mgongo wa mtu mwembamba akipita.

"Hamimu si mwembamba," nikasema.

"Mama Asiya," akanijibu, "nani leo si mwembamba?"

Nilikwenda mpaka mtoni. Waliniambia watu wawili walianguka jana, gari likawachukua, halikusema linawapeleka wapi. Walivaa nini? Mmoja akasema shati la buluu, mwingine akasema hakuna shati. Nilirudi nyumbani nikiwa na mengi kuliko nilivyokwenda nayo, na yote hayafai.

Mwalimu Massoudi akaja, akakaa upande wa pili wa pazia. Alionekana amezeeka. Alisema kama aliyeita jana ni Hamimu, basi hitima ile ilikuwa dua tu, eda hakuna, Mwantum ni mke wa mtu aliye hai, au aliyekuwa hai jana, na atamngojea. Kama si Hamimu, amalize siku tisa zake, atoke mjane, aolewe akitaka.

"Nani alisikia ile sauti?" akauliza.

Mimi na Mwantum. Lakini Mwantum alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba masikio yake hayaamini tena, yamemdanganya miezi mitano.

"Asiya atasema. Asiya, ni yeye ao si yeye?"

Niliona aibu mpaka mgongoni. Nikisema si yeye, nimejitakasa: nilimzuia dada yangu asimfungulie shetani, na baada ya siku tisa ana maisha yake. Nikisema ni yeye, basi ni mimi niliyemfungia Hamimu nje, saa ile, njia ile. Na ukweli wa Mungu ni kwamba sikujua. Sauti ya kukwaruza kila mtu alikuwa nayo wakati ule. Nilifungua mdomo niseme si yeye.

"Alikuwa yeye," nikasema.

Sijui nani alinisukuma. Nilijikunja nikingojea anirukie. Pazia halikutikisika. Kisha nyuma yake, nyumba ya eda, watu wamevaa huzuni, Mwantum akapiga kigelegele. Kirefu, cha harusi, mpaka mtaa mzima ukafungua madirisha.

"Yuko muzima!" akapiga kelele. "Jana alikuwa muzima!"

Alitoka siku ile ile, akavua nyeupe, akavaa kitenge cha manjano, akaja akanikumbatia, mimi. Nililia mpaka nikapaliwa. Yeye hakulia.

Vita vimekwisha sasa, mipaka imefunguliwa, meli zinakwenda Kigoma. Hamimu hajaonekana, wala hakuna aliyesema amemwona maiti. Fundi mmoja wa magari, mtu mzuri, alimposa Mwantum mara mbili, na mara mbili alijibiwa kwa upole: mi niko na bwana. Dirisha halikugongwa tena tangu jioni ile, na hilo nalo sielewi lina maana gani. Siku nyingine naamini nilimpa mume. Siku nyingine naona nilimnyang'anya miaka yake kwa maneno mawili.

Hajaniuliza hata mara moja kwa nini nilimshika kiuno. Mwaka jana tu, anakanda unga, alisema bila kuinua macho:

"Siku atarudia, we ndo utamwambia kama ulinishika. Mi sitasema."

"Nitamwambia, dada."

"Basi," akasema, akaniomba nimsogezee maji.