Salamu ya Bi Mwanakheir

Bi Marziya, Khoja wa mtaa wa Kiponda, Unguja mjini, hamwambii mtu neno bila ya kumsalimia kwanza. Si muuza samaki, si paka wa ngazini. Amesomesha Kiswahili mpaka akastaafu, na siku niliyomwomba aniandikie maelekezo ya programu yangu, aliniuliza hali yangu, ya mama na ya jamaa zangu wote wa kisiwani Tumbatu, hata chai ikapoa. Mie subira hiyo sina. Lakini namhitaji, nifanyeje? Nikajibu.

Programu yenyewe si kubwa. Unaipa maandishi, inakurudishia alama, mfuatano wa herufi na tarakimu. Maandishi yakibaki vile vile, alama haibadiliki. Ukigusa hata nukta, inakuja alama nyengine kabisa. Watumiaji wake si watu. Ni mawakala wa akili mnemba, yaani programu unazozituma kazi zikaenda kuifanya zenyewe. Hao hawaulizi mtu. Wanasoma maelekezo na kufuata mifano, basi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani kwetu. Shangazi yangu Bi Mwanakheir, mkunga wa Tumbatu, alikubali kutusimulia maisha yake. Tulirikodi sauti, Bi Marziya akaandika. Sharti lilikuwa moja.

"Msiniongeze neno, msinipunguze. Mkinigeuza, futeni yote."

Zamani walikuja watu wakamwandika, wakamtia mdomoni maneno asiyoyasema, na mpaka leo hajawasamehe. Basi nikamwahidi kuwa wakala atayapima maandishi yake kila asubuhi, yasiguswe. Na mie roho ilikuwa juu, kwani zile nyimbo za uzazi anazozijua hakuna mwengine aliyebaki nazo, na kifua siku hizi kinamsumbua.

Alama ya asili niliichukua mwenyewe. Asubuhi yake wakala akaleta taarifa: maandishi yamebadilika. Nikapima mwenyewe, hayakubadilika. Nikamtuma tena, yamebadilika!

"Ala!" Nikapiga meza. "Bi Marziya, umemfundisha nini huyu?"

"Usinipigie meza, Radhiya. Soma."

Nikayasoma maelekezo yake. Kiswahili kitamu, kila kitu mahala pake. Ila mifano jamani! Kila mfano unaanza: "Assalaam alaykum. Tafadhali nipe alama ya maandishi haya." Na wakala, mtiifu kupita kiasi, alikuwa akiichukua salamu na maandishi, akivitia vyote pamoja ndani ya programu. Alama itafanana vipi?

"Unaiamkia mashine?"

"Kwani mtu anaomba kitu hivi hivi tu, bila salamu? Ndiyo malezi gani hayo?"

Nilicheka mpaka hasira zikaniisha. Tukaziondoa salamu, naye akaongeza mstari: "Tia maandishi peke yake, usiongeze, usipunguze." Wakala akapima tena. Sawasawa. Alhamdulillah.

Mchana ule shangazi alikuja mjini kwa daktari, akapita ofisini. Shikamoo, marahaba, akapewa kiti cha dirishani. Nikampa kisa chote, huku namtania Bi Marziya na mwenyewe anacheka. Shangazi akataka asomewe, tangu mwanzo.

"Nilizaliwa Jongowe," Bi Marziya akaanza, "nyumba ya—"

Shangazi akainua mkono. "Na salamu yangu?"

"Salamu ipi, Bi Mwanakheir?"

"Nilipokaa kitako nilisalimu kwanza. Niliwasalimu watoto wote niliowapokea kwa mikono hii, walio hai na wasiowahi kulia. Iko wapi?"

Nikafungua sauti. Ipo. Salamu ndefu, ya taratibu, na Bi Marziya alianza kuandika baada yake. Uso ulimshuka.

"Nilidhani unatusalimu sisi tuliokuwemo chumbani," akasema. "Nikaona haimo katika hadithi."

Kinyozi hajinyoi! Mtu anayemsalimia paka, leo kaikata salamu ya mkunga. Na programu yangu ndiyo kwanza imetwambia sawasawa. Haikusema uongo, maandishi hayakubadilika tangu tulipoyatia. Kwamba tuliyatia yakiwa pungufu, hilo haina pa kulijulia. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tulikubaliana nini?" shangazi akauliza, sauti ile ile ya upole.

Nilitaka kumsihi. Tungeiongeza tu ile salamu pale juu, nani angejua? Bi Marziya alinitangulia.

"Tufute," akasema.

Akafuta maandishi. Akafuta na sauti, na nyimbo zote zimo humo humo. Mie nilikuwa nalia waziwazi, wala sikujifuta. Shangazi alikodolea macho skrini mpaka ikabaki tupu, akakohoa, akakohoa tena, nami nikamwona anatafuta viatu vyake.

Havikuwa viatu. Alikuwa anakisogeza kiti karibu na meza.

"Wale wa zamani niliwambia wafute," akasema. "Wakakataa."

Akajitengeneza mtandio, akashusha pumzi. Nikawasha kinasa sauti.

"Assalaam alaykum," akasema, akatungoja.

"Waalaykum salaam," tukaitikia, na Bi Marziya akaanza kuandika pale pale.