Laini Aliyoitukana Fundi

Kijiwe chetu kiko Kariakoo, kwenye korido kati ya kibanda cha fundi simu na duka la vitambaa, na kina dini mbili: simu na laini. Mpira tunaugusa siku za mechi tu. Mimi niko kidato cha tatu. Nikitoka shule napita hapo kwanza kabla ya kurudi nyumbani Magomeni, kwa sababu nyumbani kuna vyombo vya kuosha na kijiweni kuna ubishi. Mama anajua nina masomo ya ziada. Ninayo kweli, ila walimu wenyewe hawajui kama wanafundisha.

Mwalimu mkuu ni fundi mwenyewe. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, vidole vimejaa gundi ya kubandikia vioo. Simu yoyote ya Android ukimpa anaifungua kama anamenya ndizi. Lakini alikuwa na kidonda kimoja rohoni: kulikuwa na mtandao mmoja wa simu asioupenda kabisa. Jina lake halitajwi kijiweni. Tuliuita Laini ya Korosho, kwa sababu kila tuliyemwona nao alikuwa ametoka kusini au anafanya biashara na watu wa kusini.

"Hiyo laini inashika kwenye mikorosho tu," fundi alikuwa anasema. "Ukiileta mjini inapotea kama mgeni."

Aliyekuwa anaitumia alikuwa anasikia yote. Ni mzee wa duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo, mlangoni kwake hakukosi maua ya manjano yaliyotungwa kwenye uzi. Wateja wake wa jumla wako Lindi na Mtwara. Fundi akitukana, mzee alikuwa anasema "haya" na kuendelea kupima kitambaa.

Fundi hakuishia kutukana, akatunga na sheria: atakayeikana laini yake na kuhamia nyingine ataosha vikombe vyote vya muuza kahawa wetu. Sheria aliitunga kwa ajili ya mtu mmoja, rafiki yake anayeuza viatu vya mtumba Mchikichini, ambaye alikuwa anahama mitandao kama popo anavyohama matawi. Huyo sisi tunamwita Mfagiaji.

Mfagiaji ana ugonjwa. Hawezi kuona simu, iwe yake au ya mtu, bila kufungua ile orodha ya programu zilizo wazi na kuzifagia zote kwa dole gumba, moja baada ya nyingine, juu, juu, juu. Anaamini zinakula chaji kwa siri.

"Simu za siku hizi zinajipanga zenyewe," nilimwambia.

"Dogo, wewe chumbani kwako unalala na takataka?"

"Chumbani kwangu zinajipanga zenyewe."

"Ndiyo maana unanuka."

Sasa, mwezi ule fundi alipata simu moja mtumba safi sana, inayogawa kioo. Juu unaangalia mpira, chini unachati, na pembeni kuna kidirisha kidogo kinaelea na kikokotoo ndani yake. Kijiwe kilichangamka siku nzima. Mmoja anasema RAM, mwingine anasema betri itakufa. Muuza kahawa, mzee asiyemiliki chochote zaidi ya kitochi, kisimu cha vitufe, akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu mpaka leo: "Wewe macho yako mangapi?"

Fundi hakujali. Alikuwa na sababu yake.

Mchumba wake, dada aliyekuwa anauza makava ya simu ng'ambo ya barabara, alikuwa amerudi kijijini kwao, mbele ya Masasi, kuwaambia wazee. Aliyemlea ni babu yake. Na babu akasema: washenga wasipande basi kwanza. Nataka nimwone kijana mwenyewe kwenye simu, nimsikie anavyoongea. Ikatajwa Jumamosi saa kumi jioni. Washenga, ambao ni baba zake wadogo fundi, walikuwa wameshafunga mabegi waondoke Jumapili alfajiri. Kila kitu kilikuwa kwenye simu hiyo.

Tatizo la fundi ni kwamba mbele ya wazee asiowazoea ulimi wake unaingia ndani kama kobe. Mbele yetu anahutubia, mbele ya mzee anakohoa. Kwa hiyo akapanga: kioo atakigawa. Juu atakaa babu, chini itakaa chati, na kwenye chati mimi nitamwandikia maneno ya kusema, kwa sababu mimi, alisema, sina akili lakini nina mdomo. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kumwozesha mtu ukiwa bado unavaa sare ya shule, nani anakataa?

Jumamosi kijiwe kilijaa mapema. Fundi alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Simu tuliiegemeza kwenye boksi la chaja. Mimi nikakaa pembeni na simu yangu, Mfagiaji akasimama nyuma ya fundi akiambiwa asiguse kitu.

Babu akatokea kwenye kioo, kwa simu ya mjukuu wake, kofia, nusu ya uso na sikio moja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona unaangalia chini?"

Alikuwa anaangalia chini kwa sababu mimi niko chini. Nikaandika haraka: *ni heshima*.

"Ni heshima," fundi akasoma.

"Heshima nzuri. Lakini mimi niko huku juu."

Kijiwe kikajikaza kisicheke. Babu akauliza kazi. Nikaandika *natengeneza simu na mioyo ya watu*, nikiwa najichekesha mwenyewe, nikijua mtu mzima ataruka maneno mengine. Hakuruka. Alisoma yote, kwa sauti ya taarifa ya habari. Nyuma ya babu nikasikia mwanamke anacheka, nadhani ni bibi harusi mwenyewe.

"Na laini unatumia ipi?" babu akauliza.

Hapo fundi hakunisubiri. Akaitaja laini yake na kuisifu, kasi yake, bando lake, jinsi inavyoshika mpaka ndani ya lifti. Akasahau kuwa anaongea na mzee, akawa yule fundi wetu wa kila siku. Babu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe wetu wa kwanza alikuwa nayo hiyohiyo," akasema. "Alipokuja kututembelea, kutwa yuko juu ya kichuguu, mkono hewani. Mpaka anaondoka hatujamjua sura. Tunajua visigino tu."

Tukiwa tunatafuta jibu la hilo, picha ikaganda. Babu akabaki mdomo wazi. Simu ilikuwa ya moto na kila mtu akaanza kutoa ushauri, ingoje, izungushe, isogeze kwenye upepo. Na katika kelele hiyo dole gumba likapita juu ya bega la fundi. Juu, juu, juu.

"Sasa itakuwa nyepesi," Mfagiaji akasema.

Ilikuwa nyepesi kweli. Babu hayupo, chati haipo, hata kikokotoo hakipo.

Sitaandika fundi alisema nini. Ujumbe wa mchumba ukaingia: *Babu anasema umemkatia.* Fundi akapiga tena ya picha, ikazunguka tu. Ujumbe wa pili: *Hataki tena hiyo ya picha. Mpigie kwenye simu yake*, na namba ya babu. Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ujumbe wa tatu ndio uliomkalisha chini: *Hapokei namba ambazo hazianzi kama yake. Anasema ni matapeli.*

Namba ya babu ilianza kama za Laini ya Korosho.

Kijiwe kizima kikageuza shingo kuelekea duka la vitambaa. Fundi akaenda. Sisi tukamfuata, maana kitu kama hicho hakisimuliwi, kinaangaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umekosa wa kumtukana?"

"Mzee, naomba kupiga simu moja."

Mzee akamaliza kukunja kitambaa chake, taratibu, kona kwa kona. Kisha akatoa simu mfukoni. "Chukua. Lakini pigia hapa mlangoni, na uweke spika. Wenzako wamesikia mengi kuhusu laini hii, wasikie na inavyoongea."

Iliita mara moja tu.

"Hii namba ya kwetu," sauti ya babu ikajaa korido. "Nani?"

"Ni mimi babu. Wa Dar."

"Ahaa. Kumbe laini yetu unayo. Sasa ulikuwa unaificha nini?"

Mimi nilikuwa mbele yake, nikimtikisia kichwa kwa nguvu zangu zote: sema ndiyo, sema ndiyo. Babu ameshakupa mwenyewe, pokea. Fundi akaniangalia, halafu akanipa mgongo.

"Hapana babu. Nimeiazima kwa jirani. Laini yenu mimi huwa naitukana hapa kila siku."

Muuza kahawa akasimamisha kumimina.

"Unaitukanaje?"

"Nasema inashika kwenye mikorosho tu."

Halafu babu akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, mpaka mtu kule akamletea maji, tukasikia kikombe. "Na sisi si ndiko tuliko?" akasema. "Sikiliza. Mimi mjukuu wangu simpi mtu atakayekuwa anampigia kutoka kichuguuni. Nunua hiyo laini, yako, kwa jina lako, unipigie kwayo leo kabla ya magharibi. Nikisikia, washenga wapande basi. Nisiposikia, wapumzike tu huko."

Akakata.

Wakala wa kusajili laini anakaa pale kona chini ya mwavuli. Tulifika kama msafara, fundi mbele, sisi nyuma tukipenya kati ya mikokoteni. Namba ya kitambulisho ikaingia. "Weka kidole," wakala akasema. Kimashine kikawaka, kikakataa. Kidole kingine, kikakataa. Wakala akaushika mkono wa fundi akaugeuza kwenye mwanga.

"Kaka, wewe vidole vyako vimepigwa plastiki?"

Ilikuwa gundi. Gundi ya vioo vyote alivyobandika mwezi mzima, imekaa juu ya ncha za vidole kama kava. Mtu ana kitambulisho, ana mchumba, ana washenga wenye mabegi, hana vidole. Mfagiaji akasema labda simu ya wakala imezidiwa, aifagie kidogo. Wakala akaificha simu chini ya paja.

Tukarudi mbio kibandani, fundi akatafute dawa ya kutolea gundi. Chupa ilikuwa tupu. Jua limeshashuka nyuma ya maghorofa, korido imeanza kuwa na kivuli. Na muuza kahawa akamzuia mlangoni.

"Unahama laini, au sikusikia vizuri?"

"Nahama, mzee, lakini..."

"Vikombe vile pale."

"Mzee, jua linazama."

"Sheria uliitunga wewe. Mimi nilikuwa sina sheria, nilikuwa na kahawa tu."

Tulimwombea, mimi nikamwombea zaidi ya wote, lakini yule mzee ana shingo ya mtu aliyebeba mkaa maisha yake yote. Fundi akachuchumaa. Maji yalikuwa ya moto kutoka kwenye jiko lake, na vile vikombe havisuguliwi kwa sabuni, vinasuguliwa kwa majivu na dodoki, maana utando wa kahawa unang'ang'ania. Fundi akasugua kwa hasira. Kikombe, kikombe, kikombe. Shati limelowa mpaka kwenye viwiko.

Mfagiaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. "Oya," akasema polepole. "Inabanduka."

Kwenye kidole cha shahada cha fundi kijipande cheupe kilikuwa kinaning'inia kama ngozi ya nyoka. Akakivuta. Chini yake kulikuwa na kidole, kidole kabisa, chenye mistari. Hatukusubiri vingine. Tulimnyanyua kutoka kwenye ndoo na kumkimbiza kwa wakala, majivu mpaka kwenye kope, na mimi nikampangusa mkono kwa tai yangu ya shule, ambayo nilikuja nayo Jumamosi kwa kuwa Mama alidhani natoka darasani.

Kimashine kikawaka. Kikafikiri. Kikakubali.

Nilipiga kelele mpaka mama mmoja aliyebeba kapu la nyanya akaniuliza nimeshinda nini. Nikamwambia nimepata mke. Akanitazama sare, akaondoka akisonya.

Laini ikaingizwa kwenye tundu la pili la ile simu inayogawa kioo, ubavuni mwa laini yake ya zamani. Adhana ilikuwa bado. Fundi akapiga hapohapo chini ya mwavuli, na sisi tukamzunguka.

"Namba mpya," babu akasema. "Ya nani?"

"Yangu, babu. Kwa jina langu."

"Haya. Washenga wapande."

Kijiwe kilipasuka. Mfagiaji alinikumbatia, kitu ambacho hatukizungumzii tena. Lakini babu alikuwa hajamaliza, tukasikia sauti yake ikitoka chini ya kelele: "Wewe, kijana. Ile simu ya kugawa kioo anayoisema mjukuu wangu, betri yake inakaaje?"

Ulimi wa fundi ukatoka nje ya gamba, akaanza. RAM, kioo, chaji, kila kitu. Babu anauliza, fundi anajibu, wawili kama waliozaliwa kijiwe kimoja. Mfagiaji akainama kwenye simu: "Babu, uwe unafagia zile programu..." Tulimziba mdomo watu wazima watatu na mimi.

Tulipofika kibandani muuza kahawa alikuwa anatungoja. Alinyoosha tu kidole kwenye ndoo, ambako vikombe vingine vilikuwa vinasubiri. Fundi akachuchumaa tena, simu akaibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili ndani ya majivu, akimweleza babu habari za betri huku akisugua. Mzee wa vitambaa alitoka mlangoni akamtazama.

"Haya," akasema, akarudi ndani.