Mgeni Aliyezaliwa Kariakoo

Wiki iliyopita alifariki mzee mmoja muuza vitenge wa Kariakoo, na habari za msiba nilizipata kwenye simu, kutoka kwa watu walewale waliokuwa wakimtukana. "Taifa limepoteza hazina," aliandika mmoja wao, akabandika bendera ya nchi na mishumaa. Nilicheka kwa hasira, kisha nikaenda msibani Magomeni.

Mtakumbuka ile klipu yake. Mteja alimaliza maji, akatupa chupa kwenye mtaro mbele ya duka. Mzee, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa sauti yake, akafoka: "Wabongo bwana! Mvua ikinyesha tunalia mafuriko, na mtaro tunaujaza wenyewe. Okota!" Maneno hayo mimi huyasema kila siku kabla ya chai, na wewe msomaji usijifanye huyasemi. Kujisema vibaya ndiyo burudani yetu ya bure. Lakini yeye alikuwa na weupe na pua ya babu zake Waarabu, na jirani yake muuza vipodozi alikuwa na simu mkononi, akamrekodi na kumrusha mtandaoni. Kufika jioni nchi nzima imegeuka ofisa uhamiaji. "Mwarabu anatutukana kwetu!" "Arudi kwao!" Watu ambao hawajawahi kuokota hata ganda la mua barabarani, wenye bendera pembeni ya majina yao, wakalitetea taifa kwa bando la usiku. Uzalendo wa namna hii ni rahisi mno: unajilaza kitandani, unatafuta wa kumfukuza, asubuhi unaamka shujaa. Nimewadharau tangu siku ile, na sioni sababu ya kuacha.

Siku chache baadaye nilimtembelea. Nilimkuta nyuma kabisa ya duka, kati ya majora ya vitenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu."

Tukiwa tunaongea, mpita njia akatupa mfuko wa chipsi palepale mtaroni. Nikamwangalia mzee, nikisubiri radi. Akaendelea kukunja kitenge.

"Mzee, humwoni yule?"

"Namwona."

"Sasa?"

"Mwache bwana. Mimi mgeni hapa."

Alisema taratibu, bila utani wowote. Baba yake alizaliwa mtaa wa pili kutoka pale, na yeye mwenyewe nje ya nchi hii alikuwa amefika Makka tu, kuhiji. Iliniuma sana. Toka siku hiyo mpaka anaugua, sauti ile haikusikika tena mtaani. Mtaro nao ukajaa, ukanuka, na wazalendo wakawa wanauruka wakienda zao huku wameinamia simu.

Asubuhi baada ya mazishi, muuza vipodozi alinisimamisha nje ya duka lake. Ni kijana wa Kilimanjaro, na kila Desemba hufunga duka akapanda basi kwenda anakokuita nyumbani. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini Dar.

"Poleni na msiba, bro. Hivi mwili wanausafirisha lini? Nataka niende laivu."

"Wausafirishe kwenda wapi?"

"Si kwao?"

"Tumeshamzika jana. Kisutu, pembeni ya baba yake."

Alishangaa kweli kweli, maskini. Miaka yote alikuwa akiazima chenji kwa yule mzee na kula pilau yake kila Idi, lakini alichoamini ni kile alichokirusha mwenyewe mtandaoni. Halafu akainamia simu, akaanza kuandika.

Haya ndiyo tunayoyalea. Tumewaachia watu wenye bando watuamulie nani ni wa hapa, na wao huangalia sura, basi. Mngewauliza wauza vitenge wa mtaa ule wangewaambia bila kufikiri. Mgeni akiona uchafu kwenye nyumba ya watu hunyamaza kwa adabu zake. Anayefoka ni mwenye nyumba, na huyo tulimnyamazisha sisi wenyewe.